Viatu vya Usalama

Kabla hakujakucha, jiko la umeme la kupikia wali likapiga mluzi jikoni kwa Bunrye. Alinyoosha mkono wa kulia alifungue, akakumbuka kuwa ndio ule wenye bandeji. Akatumia wa kushoto, akala wimawima. Kulipopambazuka akateremka hadi kwenye jukwaa la mbao la kukalia mbele ya duka la rafiki yake Pilipili, ambako wenzake walishaanza kahawa ya pakiti.

Redio, mwenzake wa kazi aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna habari inayompita, hakumngoja akae.

"Dada, serikali imetukumbuka! Wametangaza sasa hivi: sisi tunaotunza wazee majumbani tuvae viatu vya usalama muda wote wa kazi. Soli nene, na chuma kwenye vidole!"

"Ndani ya nyumba ya mtu?" Pilipili alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Umkanyagie mzee sakafu anayolalia, kwa viatu vilivyotoka choo cha stendi?"

"Kanuni ni kanuni," alisema Bwana Ofisi, mstaafu wa manispaa, akinyoosha tai ambayo hakuna aliyemwomba aivae.

"Wewe si ndiye uliyemfukuza fundi bomba kwa kuingia na viatu?" Pilipili akamgeukia.

"Yule alikanyaga godoro la mama mkwe!"

"Basi aliyeandika kanuni hiyo," Redio akasema, "mama yake lazima anaishi kiwandani."

Bunrye alitabasamu kidogo tu. Wiki iliyopita aliteleza na soksi zake kwa Mzee Heo anayemtunza, akaangukia mkono. Ofisi iliyomwajiri, hata kabla ya kanuni hii, ikampa pole ya aina yake: hakuvaa viatu, kosa ni lake. Tena leo wanataka jibu kama anarudi. Wenzake wote wameikataa nyumba ile. Naye akikataa, mzee atapelekwa kwenye makao ya wazee.

"Usirudi," Redio alimwambia. "Sakafu ile ni barafu. Anaipaka nini?"

"Mafuta ya soya. Siku ninayokwenda hupiga magoti akaisugua yote. Anasema mgeni asikute nyumba imefifia."

"Heshima ya kuvunja mifupa!" Pilipili aliguna. "Akikupenda zaidi tutakuzika."

"Nilipoanguka alivua sweta yake akaniwekea chini ya kichwa. Halafu akaichapa sakafu viganja, akaigombeza, kama tunavyowabembeleza watoto walioanguka."

Pilipili akaweka kikombe chini.

"Lakini mkono ninao huu mmoja wa kazi," Bunrye akasema polepole. "Nitawaambia hapana."

Akatoa simu. Kabla hajabonyeza, ikalia yenyewe. Redio, bila kuombwa, akaiweka sauti ya nje wote wasikie.

"Mwalimu Bunrye?" Ilikuwa sauti ya Mzee Heo, ambaye humwita mwalimu kwa heshima, ikihema. "Mafuta nimeyatoa yote kwa sabuni. Magoti yamenuna, na sakafu imekuwa kama ya mtu asiye na kwao. Mkono unaendeleaje?"

"Unapona, baba."

"Nimesikia redioni habari za viatu."

"Baba, hayo ni maneno ya wakubwa tu, usi…"

"Ngoja nimalize, nisije nikaghairi. Tangu nizaliwe hakuna aliyeingia kwangu na viatu. Hata daktari."

Bwana Ofisi aliinamisha kichwa, akavitazama viatu vyake.

"Njoo tena Jumatatu, mwalimu. Ingia navyo. Mimi nitafumba macho."