Chai ya Akiru na lugha yangu ya siri

Wanagrupu, leo nimeaibika. Tena kikombe cha watu kikiwa mkononi!

Mjukuu wangu Makena, huyu anafanya kazi ofisi za kaunti, anajifunza Kiklingoni kwa simu. Ni lugha ya watu wa filamu, hawako hapa duniani. (Kimeru chenyewe anachechemea, lakini tuyaache.) Asubuhi nikichambua maharagwe akanifundisha kulinganisha. Hawa watu hawasemi hiki kinashinda kile. Wanasema hiki utamu mwingi, kile utamu kidogo. Utamu ni "ey". Mwingi ni "lau", kidogo ni "push". Vikiwa sawa, unasema "rap" pande zote mbili. Nilifika darasa la pili tu, lakini hiyo niliishika mara moja!

Saa nane nikaenda naye mkutano wa akina mama kwa jirani yangu Akiru. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka thelathini. Chai yake ni ya maziwa ya kibuyu kilichofukizwa kwa makaa, kama wafanyavyo kwao Turkana. Moshi mtupu! Miaka yote hiyo nimeinywa nikisema "tamu sana", kwa sababu huwezi kukaa kwa mtu ukapima chai yake. Leo Kagwiria, mwenzetu wa mkutano, naye alileta thamosi yake ya chai. Nikanywa zote mbili. Nikamwinamia Makena nikanong'ona (masikio yangu ni mazito, kunong'ona kwangu kunafika barabarani):

"Chai Kagwiria ey lau, chai Akiru ey push!"

Wote wakanigeukia.

Nilikuwa nimeficha kila kitu isipokuwa chai na majina ya wenyewe! (Walikuwepo Halima wa duka, Nkirote, Joyce Ekai na Mama Guyo. Nawataja wasije wakakana.)

"Mama Kendi," Akiru akaniita, "hiyo push yangu ni nini?"

"Ni... ni maombi."

"Makena, shosho yako anaomba nini?"

Makena, niliyemlea mwenyewe nikimkataza uongo, akaeleza yote. Mpaka ey!

Nikaona urafiki wa miaka thelathini unatoka mlangoni. Akiru akaweka birika chini.

"Kwa hivyo moshi huupendi?"

"Kidogo tu, dada yangu..."

"Wewe mama! Sisi hapa nyumbani tunafukiza kidogo tu. Ni wewe ulisifu siku ile ya kwanza, nikaanza kukufukizia mara mbili. Kila ukija nakohoa mimi!"

Kumbe! Halima alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka mpaka nikalia. Akiru akapika ingine, bila moshi, akanisimamia nionje. Wote wananiangalia mdomo.

"Akiru ey rap, Kagwiria ey rap," nikasema kwa sauti. Wakapiga makofi!

(Ukweli? Ya Kagwiria bado inashinda. Na atakayempelekea Akiru maneno haya ajue hapa kwenye grupu ya WhatsApp, ambayo yeye hayumo, majina yenu yote ninayo, mpaka ya baba zenu.)