Waitikiaji Wanane wa Columbus

Jumapili, 6 Oktoba
Leo zamu yangu ya kuongoza nyimbo za Kifante kundini. Wafante wa Ghana mia mbili, kutoka Toronto hadi Houston, sote kwenye simu. Kanuni ya mwenyekiti: asiyeongoza azime maikrofoni, maana tukiitikia pamoja sauti zinachelewa na kugongana. Basi nikaita. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Kwetu Saltpond, bibi mmoja akianza wimbo katikati ya mahubiri, kanisa zima humwitikia na mchungaji hungoja. Hapa limeitikia friji.

Ekua Nyanzu wa Dayton akaandika mbele ya wote kwamba nimeimba kama mtu aliyeachwa na basi.

Jumanne, 8 Oktoba
Mungu amenipa akili! Nimerekodi viitikio kwenye simu ya zamani. Sauti nyembamba, nene, ya kikongwe, ya mlevi aliyeokoka. Mara nane, zote mimi. Nimemwomba Bwana radhi mapema.

Ijumaa, 11 Oktoba
Maombi ya kundi. Nikaita, ile simu ya zamani ikaitikia kutoka ndani ya sufuria, ili sauti zivume. Watu wakaandika kwamba wanalia kwa furaha. Mwenyekiti akauliza ni akina nani hao. Nikasema ndugu zangu, tunaishi pamoja. Ulimi ulinitangulia.

Ekua akawasha maikrofoni. "Dada Araba, una watu wanane hujaniambia? Mwenzio huku naimbia ukuta. Jumapili nakuja."

Miaka kumi na mmoja hapa Columbus, hakuna Mfante aliyewahi kugonga mlango wangu. Na sasa siwezi kuufungua.

Jumapili, 13 Oktoba
Amekuja kweli. Nikazima taa, nikakaa sakafuni. Akagonga, akaniita, kisha akaanza kuimba palepale kwenye korido. Ana sauti nzuri, nisimdhulumu. Akaita, akangoja. Kiitikio kilinifika kooni. Nikauma mkono wa sweta. Akaita mara ya tatu, polepole. Halafu nikasikia viatu vyake kwenye ngazi.

Ameacha kenkey tisa, yale madonge yetu ya unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga mlangoni, bado vina joto. Nimekula peke yangu. Nimelia kidogo.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimempigia Ekua ili nitubu. Kabla sijafungua kinywa akauliza tulikuwa wapi. Nikasema tulikuwa njiani kuja kwake kumshtukiza, tukapishana.

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi Jumapili njooni nyote. Naazima viti."

Wenzangu wawili wa kazini kule dobi ni Wanepali, Kifante hawakijui. Wengine sita sijui nitawatoa wapi. Lakini zimebaki siku sita, na Bwana aliumba dunia nzima kwa muda huohuo.