Moja Nukta Tano au Basi

Jumatatu, 3 Juni
Nimenunua mita ya kupimia umeme! Ya njano, ina swichi ya kuzungusha katikati na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Muuza vifaa alinieleza matumizi yake kwa dakika kumi. Nilimsikiliza mbili. Mtu mwenye akili hukamata mambo mapema.

Sababu: Jumamosi baba mkwe anaagwa baada ya miaka thelathini na minne ya ualimu. Tangu apasuliwe koo, sauti yake haivuki meza. Hotuba ameiandika kwa mkono, kurasa sita, na amefanya mazoezi mbele ya kioo. Bila maikrofoni, watu wataona mzee anachezesha midomo tu. Maikrofoni yenyewe haina waya, inakula betri mbili ndogo za kuchaji. Nani asimamie betri? Nilinyoosha mkono kabla mama mkwe hajamaliza swali.

Mwaka wa tisa huu nimemwoa binti yake, na baba mkwe bado ananiita "yule bwana". Mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu juzi tu, anaitwa "mwanangu". Fundi baiskeli! Hana neno ila "sawa". Namwita Bwana Sawa. Jumamosi na mimi nitakuwa mwanangu.

Jumanne, 4 Juni
Kipimo cha kwanza. Betri za tochi: sifuri. Za rimoti: sifuri. Nikamtangazia mke wangu kwamba tunaishi na maiti. Akachukua rimoti, akabadilisha stesheni, akaniuliza marehemu anazikwa lini.

Kumbe swichi niliielekeza kwenye alama ya umeme wa ukutani. Betri zina alama yake, V yenye mstari ulionyooka. Kosa la kiwanda. Alama zimebanana mno.

Nikarekebisha. Halafu nikahamishia waya nyekundu kwenye tundu la ampea, kwa kuwa lilikuwa tupu na nililionea huruma. Betri ikapata homa vidoleni mwangu! Nikairusha. Ikatua kwenye chai ya mke wangu. Akaiopoa kwa kijiko, akaiweka kwenye sahani yangu. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 5 Juni
Nimepita kwa muuza vifaa, eti kusalimia. Akaniambia waya nyekundu ikae kwenye tundu la V, isitoke hapo. Akaniambia pia kwamba betri ya kuchaji iliyo nzima husoma moja nukta mbili na kitu. Moja nukta tano ni zile za kutumia na kutupa. Tena nisiamini iliyotoka kwenye chaja sasa hivi, maana hiyo inajisifu. Niiache itulie, kisha niipime ikiwa kazini.

Nikamshukuru sana. Njiani nikawaza: kwa nini mfanyabiashara anataka niridhike na pungufu? Ana zake huyu. Moja nukta tano au basi.

Alhamisi, 6 Juni
Siku ya mchujo. Nne za kijani, mpya, zilizochajiwa wiki iliyopita: 1.29, 1.28, 1.29, 1.28. Zote zimefeli. Tena alama zimefanana, bila shaka zimeibiana majibu.

Nne nyeupe, za tangu tulipooana, moja ina kutu, zimetoka kwenye chaja zikiwa moto: 1.44! 1.45! Hizo ndizo betri.

Bwana Sawa alikuja kuazima ngazi, akaona za kijani kwenye ndoo ya taka. Akauliza kama anaweza kuzichukua kwa taa ya baiskeli. Nikamwambia chukua, mwanyumba, ila ukigonga mti usinitaje. Akauliza kama zile nyeupe nimezijaribu ndani ya maikrofoni, mtu akiongea. Nikamwambia maikrofoni si ya kuchezea.

"Sawa, mwanyumba," akasema. Maskini.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi umejaa hadi madirishani. Baba mkwe alishika maikrofoni, akanitazama, akaniinamishia kichwa. Mimi! Ukurasa wa kwanza ulisikika mpaka barabarani. Nikaketi kama mwenye ukumbi.

Katikati ya ukurasa wa pili, alipofika pa kumshukuru mama mkwe, kimya. Midomo inakwenda, sauti hakuna. Mama mkwe ameinama mbele, kiganja sikioni.

Nikapanda jukwaani mbio, mita mkononi. Nikachomoa betri, nikapima mbele ya watu wote: 1.31. Si haba! Nikatangaza kwamba betri ni nzima, kwa hiyo tatizo ni koo.

Ukumbi ulinyamaza kuliko maikrofoni.

Bwana Sawa akaja polepole na taa ya baiskeli. Akatoa betri mbili za kijani, akazitia. Hotuba ikasomwa hadi mwisho, na pale pa mama mkwe pakarudiwa mara mbili, kwa ombi lake. Watu walilia. Nami nililia, kwa sababu zangu.

Jumapili, 9 Juni
Baba mkwe hana kinyongo! Amenialika chai kesho, mimi na yeye tu, saa nne kamili asubuhi. Amesema mwalimu husamehe yote isipokuwa kuchelewa. Nije bila mita. Mke wangu amerudia "bila mita" mara tatu.

Kesho nitakuwa mwanangu.

Jumatatu, 10 Juni
Safari hii sibahatishi. Nimeamka alfajiri, nikapima betri ya saa ya ukutani, ambayo haijachelewa hata dakika mwaka mzima. 1.24! Aibu gani hii? Nimeitupa. Nimeweka ile nyeupe yenye kutu, imetoka kwenye chaja sasa hivi, bado moto: 1.45.

Nimeshavaa, viatu vinang'aa. Saa mbili na robo. Nimepiga pasi shati upya. Saa mbili na robo. Nimesoma gazeti lote, pamoja na matangazo ya vifo. Simu inalia chumbani kwa mara ya tano. Ni mke wangu kutoka kazini, anataka kuniambia bila mita. Jua limeingia sebuleni mapema leo, limefika hadi kwenye kochi.

Saa mbili na robo.

Sijawahi kupata asubuhi ndefu hivi. Ndiyo raha ya betri nzuri.