Kuvu Waliohamia Chumbani Kwangu

Kwako Bwana Shamba,

Shikamoo, na pole na kazi. Mimi ni yule msichana aliyejificha nyuma ya pipa ulipomtembelea shangazi yangu, mkulima wa nyanya. Kusema mbele ya watu siwezi, ndiyo maana naandika.

Ulituletea chupa tano za kuvu wanaoua utitiri, vile vidudu vyekundu vilivyotumalizia nyanya zote msimu uliopita. Ulisema kuvu hao wakipata joto wanadhoofika, wakikosa unyevu hawaoti, na jua likiwapiga wanakufa. Shangazi alikusikiliza kuliko anavyomsikiliza daktari wake. Matokeo ni haya:

1. Chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani kilikuwa changu. Sasa ni chao. Mimi nalala sebuleni na babu, ambaye anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini.

2. Dirisha limezibwa kwa shuka langu la maua. Nikienda kuchukua hata soksi, shangazi anafoka, "We mtoto, funga mlango! Unataka kuwaunguza wenzako?" Wenzangu, Bwana Shamba!

3. Kunyunyiza kuvu hao kwenye nyanya ni jioni tu, jua likishapoa. Kupalilia, mimi, ni saa saba mchana ndani ya banda la nailoni la nyanya. Nikilalamika joto, naambiwa bado kijana.

4. Jumapili wageni walikuja kunipongeza kwa kumaliza shule. Shangazi aliwaomba wapunguze sauti, "wamelala". Mjomba akavua viatu. Kisha wote wakaenda kuchungulia chupa, na soda yangu ikanywewa.

Kwa heshima zote naomba mambo mawili, uchague moja. Tutafutie kuvu wagumu wanaoweza kulala bandani. Ikishindikana, niandikishe na mimi kuwa kuvu, nipate haki sawa. Kula utitiri nitajifunza taratibu.

Nisalimie mama watoto, wenzako wote wa ofisini, na yule mlinzi wa getini anayecheka sana.

Ni mimi mtiifu, kutoka kwenye kochi,
Mtoto wa kaka yake Mama Nyanya

N.B. Leo asubuhi nimegeuza jani nikakuta utitiri umekufa, umeota manyoya meupe kama pamba. Nimepiga yowe mpaka majirani wamekuja, na nimewaeleza yote mwenyewe, mbele ya watu kumi na wawili! Tafadhali usiwabadilishe kuvu wetu. Shangazi kwa furaha ameniambia nirudi kulala chumbani. Nimekataa. Pumzi yangu itawaongezea joto.