Kabati, Nafasi ya Nne

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya tatu bila mke. Nyumba kimya. Sufuria moja, kijiko kimoja. Na kosa langu lipi? Nilisema ukweli mezani! Nilisema baba yake, aliyeitwa Kabati enzi zake ulingoni, ni wa nne kati ya mabondia wa uzito wa juu wasiopewa haki yao. Sisemi mabingwa. Nasema wale wa katikati, waliopigana miaka kumi na tano bila kuugusa mkanda. Kuwa wa nne humo ni heshima! Mzee akasukuma sahani. Tangu siku hiyo anakula kwa kubembelezwa. Mke wangu kafunga begi kaenda kumuuguza, na hatarudi mpaka nimwambie baba yake kwamba ni wa kwanza.

Kinyozi naye anamweka Kabati wa kwanza. Kinyozi anajua nini? Kazi yake kusifia vichwa vya watu. Wa kwanza ni bondia Trekta, basi. Tumebishana mpaka akazima mashine, nusu kichwa bado. Nimerudi kazini na kofia.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamua kudanganya. Kutwa karakanani, huku nashona kiti cha lori, nimefanya mazoezi: baba, wewe ni wa kwanza. Rahisi tu! Jioni nikaenda. Mzee yuko kwenye kiti dirishani, mkono wa kulia unatetemeka, jicho moja halioni. Amekonda mno, nikaona huruma. Nikamwamkia. Akaniuliza, mkwe wangu, kati yangu na Trekta nani zaidi? Nikafungua mdomo. Yakatoka mengine kabisa: kwamba tatizo lake lilikuwa kushusha mkono wa kushoto raundi za mwisho. Loo! Mke wangu akaninyang'anya kikombe cha chai kabla sijamaliza. Nimetembea hadi nyumbani nikijitukana.

Ijumaa, 7 Juni

Mdomo umenishinda, nijaribu kalamu. Barua ya mstari mmoja: Baba, wewe ni wa kwanza. Nafsi ikanisuta. Nikageuza karatasi, nikafafanua kwa maandishi madogo: yaani, kati ya wote waliopigwa na Trekta. Nikampa kijana wa bodaboda aipeleke.

Alasiri mke wangu akapiga simu. Kamsomea upande wa mbele tu. Mzee kacheka, kamaliza sahani! Kasema nimfuate Jumapili turudi wote nyumbani. Nimefagia kila chumba. Nimefua hata mapazia.

Jumapili, 9 Juni

Mzee amefariki jana mchana, kwenye kiti chake. Nimelia, tena sana. Nilimpenda yule mzee. Ujana wangu nilikuwa nadandia ukuta ili nimwone akipigana. Mke wangu kaniegemea begani, mara ya kwanza tangu aondoke. Kasema tukishazika atarudi nyumbani kwetu. Kaniomba jambo moja tu: mazishini nisifungue mdomo. Nimeapa.

Jumanne, 11 Juni

Tumezika. Watu wengi, jua kali. Wasifu kapewa kinyozi asome. Kwa nini yeye? Nikavumilia. Kakosea mwaka wa kuzaliwa, nikavumilia. Halafu kasema marehemu hakuwahi kuangushwa maishani. Jamani! Trekta alimwangusha mara mbili, raundi ya sita na ya tisa, na mara zote mbili mzee aliinuka akamaliza pambano. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa! Unaifichaje? Nikanyoosha mkono. Pale pale, kando ya kaburi. Nikayasema yote kwa sauti, na kwa kuwa watu walikuwa kimya wananisikiliza, nikaongeza kwamba hata hivyo ni wa nne.

Mke wangu hakulia wala hakunitukana. Kaingia kwenye gari la shangazi yake, kafunga mlango taratibu, kaangalia mbele. Nimerudi peke yangu. Mapazia yamekauka, sina hamu ya kuyatundika. Moyo unauma kweli.

Nadhani hakunielewa, kulikuwa na upepo. Kesho asubuhi nitamfuata kwa shangazi yake nikamweleze polepole, raundi kwa raundi.