Chokaa Uwanjani

Jamani, leo nimeaibika. Si aibu ndogo ya kumwagia mgeni chai. Hii ni aibu nyeupe, ina duara katikati, na inaonekana kutoka barabarani.

Naandika haraka kwa simu ya Baba, akiitaka nitakatika.

Mnajua nimekuja kuishi naye hapa Greenbelt, Marekani, tangu Juni, baada ya miaka saba ya kumsikia kwenye simu tu. Mtu mpole, maneno machache. Mimi ndiyo usiseme. (Tukila, vijiko ndivyo vinavyoongea.) Wiki iliyopita nikajikaza, nikamwambia nimeimisi netiboli, shuleni kwangu huku hawaijui kabisa. Akasema, "Mh." Akaendelea kula.

Basi leo natoka shule, nakuta karatasi mezani: "Mage, weka chokaa uwanjani leo kabla baridi haijaanza. Mifuko iko nyuma ya nyumba. Usiruke sehemu. Baba."

Nilisoma mara tatu. Chokaa! Uwanjani! Kumbe ile "Mh" ilikuwa ndiyo! Baba yangu anataka nicheze kabla ya theluji! (Nililia kidogo. Msimwambie mtu.)

Sasa mimi Morogoro nilikuwa kiranja wa michezo. Kupiga mistari ya chokaa ndiyo fani yangu. Nikafungua kamba ya kuanikia nguo, nikachomeka vijiti, nikapima kwa hatua. Nikatoboa kopo la kahawa, nikajaza chokaa, nikaanza kutembea kinyumenyume. Mistari ya pembeni. Mistari miwili ya kugawa sehemu tatu. Duara la katikati. Nusu duara huku, nusu duara kule. Nafasi yenyewe ndogo, kwa hiyo goli moja limeangukia kwenye sanduku letu la barua, lile la nguzo kando ya barabara (mtu wa posta anisamehe).

Jirani yetu Mzee Walter, mstaafu wa kituo cha anga za juu, akaja na kikombe chake. Kiingereza chake anakitafuna, nashika nusu. Nisipoelewa nasema "Yes." (Maneno yake Baba alikuja kunitafsiria baadaye.)

"Mnatarajia wageni?"

"Yes."

"Watatua hapa hapa?"

"Yes."

Akaangalia juu. Akaangalia duara. Akarudi nyuma, nje ya mstari.

Saa kumi na moja Baba akafika, na nguo zake za kazi ya kutunza wazee. Akashuka. Hata mlango wa gari hakufunga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mage... nini hiki?"

"Chokaa, Baba. Uwanjani."

"Mama, chokaa ni dawa ya udongo. Udongo wa hapa mchachu, nyasi haziupendi. Unamwaga kote, baridi na mvua zinaizamisha taratibu, zikija siku za joto nyasi zinaamka kijani. Sasa hapa umechora nini?"

Na kweli, nyasi zetu zina hali mbaya. Kama kichwa kilichonyolewa gizani. Mwenye akili angejua. Mimi nilikuwa katikati ya duara, kopo mkononi, unga mpaka kwenye kope, Mzee Walter anatazama. Nikasema kwa sauti ya mbu:

"Netiboli. Nilidhani umenipa uwanja."

Bora angenigombeza! Akaufuata mstari polepole mpaka kwenye kona, akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Umenyoosha kwa kitu gani?"

"Kamba ya nguo."

Akaingia ndani. Nikajua ndiyo basi, amekwenda kutafuta reki. Akatoka na tenga la nguo! Akampa Mzee Walter, akamsimamisha kwenye sanduku la barua, akamwambia alishike juu ya kichwa. Mpira tukaazima wa mjukuu wake.

"Mimi nasimama wapi?"

"Mlinda goli, Baba. Usivuke mstari huu."

"Nikivuka?"

"Napiga filimbi."

"Filimbi huna."

"Napiga kelele."

Akacheka. Miezi minne sijawahi kumsikia akicheka. Anachekea puani, kama mimi.

Tulicheza mpaka mistari ikafutika. Magari yalikuwa yanapunguza mwendo. Halafu tukamwaga mifuko iliyobaki inavyotakiwa, yeye upande wake, mimi wangu, bila kuruka sehemu. Tunakung'uta viatu mlangoni, akauliza:

"Huwa mnacheza wangapi?"

"Saba kila upande."

Akageuka akatazama nyumba za majirani, moja moja, midomo inamchezacheza kama mtu anayehesabu.

Kwa hiyo naomba msinicheke mimi. Mumcheke Baba: kafungwa kumi na moja, na goli lenyewe lilikuwa linapiga chafya.