Nusu Kopo la Nyeupe ya Salmini

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kahama.

Moyo umeruka mapigo tena. Daktari amesema nipumzike, kisha akamtazama mjukuu wangu Ritha badala ya kunitazama mimi. Nina miaka themanini na miwili, thelathini kati yake nimefundisha watoto kusoma. Uso wa daktari nimeusoma bila shida.

Nikaitiwa Padre Sostenes. Nikaungama vyote. Uvivu. Pombe ya mwaka 1968. Ndama wa shemeji. Padre akawa anasinzia. Nilipofika kwenye rangi, akaamka.

Ni hivi. Mwaka 1974 waandishi wa mabango mjini tulikuwa wawili: mimi, baada ya vipindi, na Salmini. Mimi nilijua sarufi, yeye alijua herufi. S yake ilipinda kama shingo ya korongo. Chama cha ushirika kikampa yeye bango la ghala la pamba. Rangi nyeupe ilikuwa imeadimika, akafuata kopo moja Tabora kwa treni. Ijumaa, yeye yuko msikitini, nikaingia uani kwake. Nikamimina nusu kopo kwenye chombo changu, nikalijazia kopo lake chokaa na mafuta ya taa. Mvua za Novemba zilipoanza, herufi zilibanduka kama ngozi ya kenge. Mji mzima ulicheka. Salmini akakosa kazi, akahamia Runzewe kuandika namba kwenye magunia. Miaka kumi na mmoja, ndipo akarudi hapa!

Nusu kopo yangu niliandikia KARIBU NYAMIZI juu ya mlango, wiki ya harusi yetu. Maandishi yaliishi muda mrefu kuliko yeye mwenyewe. Nyeupe nzuri sana ile. Siku hizi haipo.

Padre ameagiza: niende kwa Salmini kwa miguu yangu, niseme kwa mdomo wangu, nirudishe nilichochukua. Nimekubali. Ila nitaanza na kurudisha. Mtu akiwa ameshika kopo mkononi hawezi kukurushia kiti.

Jumanne, 5 Agosti

Nyeupe ya kurudisha nimeipata humu humu ndani! Ritha amegeuza sebule yangu karakana. Ameweka mashine pana kama kitanda cha wageni, inachapa juu ya plastiki, kioo, hata mlango, na taa yake ya zambarau inakausha wino papo hapo. Kando ina chupa ya taka. Ndani yake, wino mweupe! Unamwagwa!

Nikauliza. Ritha akaeleza kwa subira, kama mimi zamani kwa darasa la kwanza. Wino mweupe ni mzito. Ukilala, unga wake unatuama chini kama wa muhogo kwenye maji, matundu ya kichwa cha mashine yanaziba. Kuyazibua ni kubonyeza kitufe cha kijani, na kila ukibonyeza wino mzima unatemwa. Kwa hiyo ana sheria zake: kutikisa chupa kila asubuhi, kuchapa mistari michache ya kupima, kubonyeza pale tu mistari inapokatika, na kazi za nyeupe kuzikusanya siku moja. Amebakiwa na chupa moja, mzigo mwingine utakuja baada ya Nanenane. Akasema, "Guku," ndivyo anavyoniita babu yake, "wiki hii nataka chupa ya taka ilale njaa."

Nimempongeza kwa moyo wote. Kisha nikafikiri. Ikilala njaa, Salmini atalipwa na nini?

Alipokwenda sokoni nilibonyeza mara moja. Mashine ikatoa sauti kama mbuzi anayekunywa. Kidole kimoja cha nyeupe. Safi!

Jumatano, 6 Agosti

Nimebonyeza mara nne. Nikachuja kwa fulana yangu, nikajaza chupa ya jemu. Kisha nikaitega dirishani ipate jua, kama tulivyofanya zamani. Rangi iliyopashwa jua inateleza kwenye brashi. Salmini ndiye aliyenifundisha, tukiwa bado marafiki. Tulikaa ukutani kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, makopo mbele yetu, tukibishana kuhusu mkia wa herufi R. Hakuna aliyekuwa na haraka, hata wateja.

Adhuhuri nikaenda kutazama. Jiwe! Kijiko kimesimama wima, hakitoki. Ritha alikuwa amenieleza kwamba jua hufanya kazi ile ile ya taa ya zambarau. Sikusikiliza sehemu hiyo. Wanafunzi wangu nao hawakunisikiliza, nikawachapa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeanza upya. Chupa sasa inakaa ndani ya buti langu la mvua, chini ya kitanda, gizani kabisa. Nimebonyeza mara sita.

Mchana akaja Zuhra, mjukuu wa Salmini. Shikamoo babu, marahaba. Anataka kibao cheusi cha kutundika mlangoni kwao, herufi nyeupe: SALMINI NURUDDIN, MWANDISHI WA MABANGO. Akasema babu yake hajawahi kumruhusu mtu mwingine aandike jina lake, ila mikono imegoma na macho yamefuata. Amekubali mashine, huku ananung'unika. Anakitaka Jumamosi, akipapase angali hai.

Nilipaswa kusema pale pale. Nikauliza bei ya vitunguu.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane.

Sikukuu. Ritha ametoka. Nimebonyeza mara nane. Chupa imejaa! Nimemwambia Nyamizi pale kwenye picha yake ukutani kwamba deni limeisha. Hakunijibu, lakini ndivyo alivyokuwa hata alipokuwa hai.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa.

Asubuhi Ritha aliweka kibao cheusi, mashine ikaanza. S ikatoka nzuri. A. L. Nusu ya M. Kisha kichwa cha mashine kikaendelea kwenda na kurudi, kinaandika hewa. Nyeupe imekwisha! Ritha alifungua kifuniko, akakaa sakafuni. Alisema wino ule ungetosha vibao ishirini.

Nikasema ni umeme. Nikasema ni paka. Hatuna paka.

Akamwita fundi George. Kijana mpole, anaongea na mashine kuliko na watu. Akabonyeza hapa na pale, akasema mashine ni nzima, tena ina kumbukumbu. Inakumbuka! Akasoma kwa sauti: imesafishwa mara kumi na tisa tangu Jumanne. Jana peke yake mara nane. Ritha akasema jana karakanani hakukuwa na mtu. George akasema mtu alikuwepo. Wote wawili wakanigeukia. Nikakohoa. Kilikuwa kikohozi kizuri, ila hakikusaidia. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe.

Buti likatolewa uvunguni.

Ritha hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Guku, kwa nini?" Nikamwambia yote, kuanzia treni ya Tabora. Akasema nimemharibia yule mzee nyeupe mara mbili, na mara hii na jina lake limo. Sikuwa nimeliona hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Ritha amenipakia kwenye bajaji: mimi, buti, na kibao chenye herufi tatu na nusu.

Salmini alikuwa kibarazani. Akageuza sikio. "Eustace? Bado hujafa?" Nikasema bado, na yeye je? Akasema anasubiri wakubwa watangulie. Nina miezi miwili tu zaidi yake!

Nikasema. Kwa mdomo wangu. Nilipomaliza alinigeuzia sikio la pili. Kisha akauliza, "Chokaa ya wapi?" Ya shuleni, nikasema, ya kuchorea uwanja wa mpira.

Akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Miaka hamsini na mmoja aliamini kosa lilikuwa la mkono wake. Alidhani hakufuta vumbi vizuri. Tangu siku ile, kila ubao aliufuta mara tatu kabla ya kushika brashi, hata magunia ya Runzewe aliyafuta, watu wakamwita Salmini Kitambaa. "Kumbe ubao ulikuwa safi," akasema. Akarudia. "Zuhra, umesikia? Ubao ulikuwa safi!" Machozi yalimtoka, naye anacheka. Mimi sikucheka.

Akapapasa kibao, akafuata S kwa kidole. Akasema si mbaya, kwa mashine. Ritha akaahidi kukimalizia bure wino ukija. Buti alilikataa, linanuka miguu.

Amenisamehe. Tena amesema msalaba wa kaburi langu atauandika yeye, kwa brashi. Nikamuuliza, Mwislamu aandike msalaba? Akasema ameandika milango ya makanisa matatu na hakuna malaika aliyelalamika. Na mikono inayotetemeka je? "Wewe utakuwa umetulia, Mwalimu. Utasubiri." Sharti ni moja: nyeupe nilete mwenyewe. Safi, bila chokaa.

Tuliporudi nimelala mchana, vizuri kuliko usiku wowote tangu 1974.

Jumatano, 13 Agosti

Wino umekuja. Kibao cha Salmini kimekamilika, kinang'aa. Ritha amebandika utepe juu ya kitufe cha kijani na kuandika: GUKU, HAPANA. Chupa ya taka imelala njaa siku nzima. Ameimba jikoni.

Limebaki suala la msalaba. Salmini alisema safi, na ahadi kwa rafiki ni kitu kizito. Ningemwomba Ritha, lakini ataninunulia rangi ya dukani. Ya dukani! Juu yangu!

Utepe nimeuchunguza. Unabanduka vizuri kuanzia kona ya kushoto, na unarudi bila alama. Mara mbili tu zinatosha. Tatu, kwa sababu ya jina la ukoo. Kumbukumbu ya mashine anaisoma George tu, na George haji hadi aitwe. Buti nimeliosha, limekauka.

Padre Sostenes anakuja Jumapili. Ni vyema nikawa na la kumwambia, asije akasinzia tena.